Posho ya safari (Salgaa)
Salgaa ni mji mdogo wa Kaunti ya Nakuru, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, ambako madereva wa malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na Rwanda hula, hulala na kukagua breki. Gharama hulipwa kwa posho anayotoa mwajiri. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nyongeza yaweza kumfikia dereva akiwa njiani. Posho hiyo si kama zawadi za melini: abiria wa meli ya kitalii anayelipia safari ijayo angali melini mara nyingi huzawadiwa salio, lakini ni la kutumiwa melini tu, na kwa kawaida hupotea safari ikiisha. Posho ya dereva ni pesa taslimu: akibana matumizi, masalio huenda nyumbani. Kumcheleweshea posho ni kumnyima kitanda kwenye barabara yenye miteremko iliyokwisha kuua wengi.