Namba Yadanganya, Mbao Yasema

Ya kale ni dhahabu, wanasema, na wauzaji wa drams kuukuu wameushika msemo huo kama nguzo ya duka. Seti ikiwa na kibati cha Ludwig cha Chicago, na muuzaji akatamka tu "ya miaka ya sitini hii", basi bei hupanda papo hapo. Kijana mwenye vijipesa vyake vya kudunduliza huanza kuhesabu noti kabla hata hajachungulia ndani ya ngoma. Mimi nashikilia kwamba ngoma ya zamani ni hati ya historia, na hati, ndugu msomaji, haisomwi kwa jalada lake.

Hebu tuanze na asili. Mwaka 1909 ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walianzisha kampuni yao mjini Chicago. William alikuwa mpiga ngoma, na kilichowainua ni pedali ya mguu, iliyomwezesha mtu mmoja kupiga ngoma kubwa kwa kasi huku mikono ikiendelea na kazi yake. Mwaka 1929 kampuni iliuzwa kwa Conn, na jina likaenda pamoja nayo. William alipoanza upya mwaka 1937 ilimbidi atumie herufi tu, WFL, maana jina la baba yake halikuwa lake tena kibiashara! Alilipata tena mwaka 1955. Kwa hiyo ukikutana na kibati cha WFL usidhani ni bandia. Ni Ludwig yuleyule, ila wakati huo alikuwa hana jina.

Sasa tufike kwenye tukio lililopandisha bei. Mwaka 1963 Ringo Starr wa Beatles aliingia Drum City, duka la Ivor Arbiter mjini London, akapenda rangi moja ya Ludwig, nyeusi yenye mawimbi kama ndani ya kombe la chaza. Jina la Ludwig likabaki juu ya ngozi ya ngoma kubwa, palepale panapotazamwa na kila mtu. Tarehe 9 Februari 1964 bendi hiyo ilipiga katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko Marekani, na watu wapatao milioni 73 wakatazama. Jamani, tangazo gani la kulipia lingefika hapo? Vijana wakataka ngoma zilezile, na kiwanda cha Chicago kikawa kinafanya kazi usiku na mchana. Mwaka 2015 seti ya kwanza ya Ludwig ya Ringo ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2, na tangu hapo kila mwenye ngoma ya rangi ile anajiona ana mgodi nyumbani.

Hapa ndipo penye mtego. Karibu na mwisho wa 1963 Ludwig walianza kuweka namba kwenye vibati, na wanunuzi wengi huzichukua namba hizo kama cheti cha kuzaliwa. La hasha! Vibati havikubandikwa kwa kufuata mfululizo. Fundi alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake, kazi ikaendelea. Ngoma mbili za seti moja zaweza kuwa na namba zilizoachana mbali, na zote zikawa halali. Isitoshe, kibati kinang'oka. Hakishindwi kuhamia kwenye mzinga mwingine.

Basi nikiitwa kutazama ngoma, kwanza naomba ruhusa ya kufungua ngozi. Ndani ya mizinga mingi ya miaka ile kuna tarehe iliyogongwa kwa muhuri wa wino, mara nyingi mwekundu. Muhuri ule ulikuwa wa shughuli za kiwandani. Hakuna aliyeugonga ili kumvutia mteja, na ndiyo sababu nauamini kuliko kibati. Kisha natazama rangi ya ndani: mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipaka nyeupe, baadaye mbao ikaachwa na rangi yake, na mwishoni mwa muongo ikaja kijivu yenye madoadoa. Mzinga wenyewe ulikuwa wa tabaka tatu za mbao, na pete ya kuuimarisha kila upande. Ukihesabu tabaka sita, umeshaingia miaka ya 1970, hata muuzaji akiapa kwa mizimu ya kwao.

Pili, nafungua chuma kimoja cha kukazia ngozi. Plastiki ile ya nje hubadilika rangi kwa jua na moshi, nyeupe ikawa njano kama siagi. Lakini chini ya chuma, ambako mwanga haukufika, hubaki rangi ya siku ya kwanza. Kama hakuna tofauti yoyote, uliza: je, ngoma hii ilifungiwa gizani miaka yote, au imevishwa nguo mpya juzi?

Tatu, naulaza ukingo wa mzinga juu ya kioo kilichonyooka, nazima taa ya chumba na kuwasha tochi ndani. Mwanga ukipenya chini, ukingo umepinda au umeliwa. Halafu napima kipenyo kwa futi pande mbili tatu. Mzinga uliopoteza uduara hautakubali ngozi ikae sawa, na hapo historia tamu ya Chicago haitakusaidia jukwaani.

Limebaki suala la matundu, na hapa nagombana na soko. Ngoma iliyotobolewa hushuka bei, na isiyoguswa hupanda. Kama mnunuzi, tumia nafasi hiyo upunguziwe. Lakini tazama vizuri: tundu lile lilitobolewa na mtu aliyetaka kuongeza ngoma ya pili juu ya ile kubwa, kwa sababu muziki ulibadilika na seti ya ngoma nne haikumtosha. Ngoma isiyo na mkwaruzo yaweza kuwa ni ngoma ambayo hakuna aliyeipenda kiasi cha kuipiga! Soko linalipa zaidi ukimya kuliko kazi.

Ndiyo maana nawasihi vijana wenzangu: mkishanunua, msikimbilie msasa na rangi mpya. Msasa ukipita ndani ya mzinga, muhuri wa wino unakwenda na vumbi, na hakuna duka litakalourudisha. Badilisheni ngozi, kazeni skrubu, pigeni. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Na alama za waliounda zimo ndani, kwa yeyote atakayechukua tochi akainama.