Sekunde nane za Tyler

Ijumaa ya Machi 21, 1986, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Tyler, Texas, mhudumu wa mashine ya mionzi alichapa x badala ya e. Mgonjwa wake alitakiwa kupigwa elektroni, lakini wagonjwa wengi wa siku zile walikuwa wa eksirei na vidole vikafuata mazoea. Aliliona kosa, akapanda kwa kitufe cha mshale wa juu, akasahihisha, akashuka haraka hadi chini ya skrini. Kila kitu kikasomeka sawa, akawasha.

Mashine ilisimama na kuonyesha hitilafu namba 54, ambayo kitabu cha mhudumu hakikuifafanua. Skrini ilidai kuwa mgonjwa amepata vipimo 6 tu kati ya 202, kwa hiyo mhudumu akabonyeza kitufe cha kuendelea, kama alivyozoea kufanya mashine inapodeka. Chumbani, yule mgonjwa alikuwa ameshachomwa mgongoni na alikuwa akijaribu kuinuka pale pigo la pili lilipompata mkononi. Siku hiyo kamera ya chumba ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme na spika ilikuwa mbovu, hivyo mhudumu akajua kuna balaa pale mlango ulipogongwa kutoka ndani. Daktari alikuwa ameagiza rad 180 za mionzi. Makadirio ya baadaye yalikuwa kati ya 16,500 na 25,000. Mgonjwa alifariki miezi mitano baadaye.

Mwaka 2026 ni miaka 40 tangu tukio hilo. Mashine yenyewe iliitwa Therac-25, kazi ya shirika la AECL la Kanada, na zilifungwa 11 tu Kanada na Marekani. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 watu sita walizidishiwa mionzi. Karibu yote tunayoyajua yametoka kwa Nancy Leveson na Clark Turner, waliochapisha uchunguzi wao katika jarida la Computer, Julai 1993, nami nawafuata wao.

Programu ya Therac-25 iliandikwa na mtu mmoja, na ilifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja kwenye kompyuta moja ya PDP-11. Kazi hizo ziliwasiliana kupitia vigeu vya pamoja, yaani sehemu za kumbukumbu ambazo kila kazi iliweza kuzisoma na kuziandika bila kufuli wala zamu. Ni wauzaji wawili wanaoandika daftari moja la madeni bila kuangaliana. Kazi ya kibodi iliandika aina ya mionzi katika kigeu kimoja. Kazi ya tiba ilikisoma, ikaanza kupanga sumaku, shughuli ya kama sekunde nane. Mhudumu akisahihisha ndani ya sekunde hizo, kazi ya tiba haikujua. Kazi ya tatu, iliyozungusha sahani ya vifaa mbele ya mionzi, ilisoma thamani mpya. Matokeo yake nguvu ilikuwa ya eksirei, sahani imekaa kwa elektroni, na hakuna kitu cha kuupunguza mwale.

Wala tatizo halikuwa geni. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la kupeana zamu mwaka 1965, na mwenzake Tony Hoare akaeleza njia nadhifu zaidi mwaka 1974.

Ijumaa ya Aprili 11, mhudumu yuleyule, kosa lilelile, hitilafu 54 tena. Mgonjwa huyu hakumaliza mwezi. Ndipo mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, alipoifungia mashine na kuketi na mhudumu aliyekumbuka kila alichobonyeza. Walirudia na kurudia mpaka siri ikajulikana: ni kasi ya kuchapa. Hager mwenyewe ilibidi afanye mazoezi kwanza ili vidole vyake vifikie kasi ya mhudumu. Wahandisi wa AECL nao hawakuweza kuiona hitilafu mpaka walipoambiwa wachape haraka.

Dawa ya kwanza ya kampuni? Barua kwa wateja wote: ng'oeni kifuniko cha kitufe cha mshale wa juu, mzibe swichi yake kwa utepe. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na bado nashindwa kuamua kama nicheke.

Leveson na Turner hawapendi hadithi iishie kwenye kigeu, na wana haki. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa hilohilo. Huko Chicago, wanafunzi wapya walipoanza kuitumia, fyuzi zilikuwa zikikatika kila mara. Wakishazoea, fyuzi zinatulia. Uchapaji wao wa kubahatisha ulikuwa unaligusa kosa, na kinga za umeme zikawaokoa wagonjwa. Katika Therac-25 kinga hizo ziliondolewa, kazi yote ikaachiwa programu.

Baada ya hapo zana za kuandika programu zenye kazi nyingi kwa wakati mmoja ziliendelea kubadilika. Mwaka 1997 kanuni za OpenMP zilimpa mwandishi wa programu nafasi ya kutaja kigeu gani ni cha pamoja na kipi ni cha faragha, kila uzi, yaani kila mkondo wa kazi ndani ya programu, ukiwa na nakala yake. Ila asipotaja, vigeu vingi vilivyotangazwa nje ya sehemu inayoendeshwa na nyuzi kwa pamoja vinahesabiwa vya pamoja. Kwangu hilo lilipangwa kinyume: anayetaka kushirikisha ndiye angeombwa aseme. Lugha ya Rust, toleo la 1.0 la mwaka 2015, ilikwenda upande huo, ikakataa hata kutafsiri programu ambayo nyuzi mbili zinaandika mahali pamoja bila ulinzi.

Hata hivyo, vijana wetu wengi wanaojifunza programu hukutana na nyuzi kupitia zoezi la kuharakisha hesabu, na kufuli huja mwishoni kama nyongeza. Uchunguzi wa mwaka 1993 una kurasa 24. Ungefaa kusomwa kabla ya zoezi la kwanza.