Kitalu Nyumba, Baraza ya Vioo na Tembe: Historia Fupi ya Maneno ya Kiunzi

Mwalimu mmoja wa ufundi mkoani Singida ametuletea swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni dogo. Alikuwa akiwatafsiria wanafunzi wake habari ya ujenzi kutoka jarida la Uingereza. Habari hiyo ilieleza jinsi mwenye nyumba alivyoondoa jengo la zamani la kukuzia mimea bustanini, akajenga mahali pake chumba cha vioo chenye kiunzi cha mti mgumu wa Ulaya. Mwalimu alifuata maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine, akaandika kwamba mtu huyo aliondoa "nyumba ya kijani" na kujenga "hifadhi ya fremu ya mwaloni".

Darasa halikumwelewa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini rangi ya kijani haikutakiwa tena. Wa pili alitaka kujua ni wanyama gani wangewekwa katika hifadhi iliyo nyuma ya nyumba. Wa tatu, aliyepata kuishi Mwanza, alisema kuwa mwaloni ni mahali panapouzwa samaki. Wanafunzi hao hawakuwa na kosa. Kila mmoja alilichukua neno kwa maana aliyoizoea, kama afanyavyo msomaji ye yote mwenye akili. Mwalimu anauliza: je, Kiswahili hakina maneno ya mambo haya?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno yapo, na kwamba tatizo limetokana na kutazama jina la kigeni bila kuitazama historia ya kitu chenyewe.

Chanzo cha nyumba ya vioo

Katika nchi za baridi mimea mingi hufa wakati wa kipupwe. Kwa hiyo matajiri wa Ulaya waliopenda michungwa na malimau walijenga vyumba vya kuihifadhi hadi baridi ipite. Kimoja kilicho mashuhuri ni kile cha Versailles, Ufaransa, kilichojengwa kati ya mwaka 1684 na 1686. Hapo ndipo lilipotoka lile jina la Kiingereza lenye maana ya mahali pa kuhifadhia. Kilichohifadhiwa ni miti ya chunguni, si wanyama wa porini.

Katika karne ya 19 ujenzi huo ulienea. Joseph Paxton alijenga huko Chatsworth, kati ya mwaka 1836 na 1840, jumba kubwa la vioo ambalo matao yake yalikuwa ya mbao. Mwaka 1845 Uingereza iliondoa kodi ya vioo, na bei yake ikashuka. Jumba la minazi na mitende la bustani ya Kew, lililojengwa kwa chuma na vioo, lilikamilika mwaka 1848. Mwaka 1851 Paxton huyo huyo alisimamisha London jumba la maonyesho la vioo ambalo sifa zake zilienea dunia nzima.

Nchi yetu nayo ina sehemu katika historia hiyo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima ya Usambara ua dogo la zambarau, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Ua lililoota lenyewe penye miamba yetu yenye kivuli lilistawishwa huko ndani ya vioo, na leo hupambia madirisha ya nyumba nyingi za ughaibuni.

Baadaye kazi ya jengo hilo iligawanyika. Upande mmoja palikuwa na jengo la mkulima, lililosimama peke yake bustanini au shambani. Upande wa pili palikuwa na chumba cha vioo kilichoungana na nyumba, ambamo watu huketi, hunywa chai na kuota jua, hata kama mna maua machache tu. Mgawanyiko huo ndio kiini cha swali la mwalimu wetu. Mtu yule aliondoa mahali pa mimea akajenga mahali pa watu. Asiyeutambua mgawanyiko huo hawezi kuitafsiri habari hiyo, hata awe na kamusi kumi.

Jina la jengo la mkulima

Neno kitalu ni la zamani. Katika Kiswahili cha pwani lilitaja ua au ukuta uliozungushiwa mahali. Baadaye lilihamia kwenye kile kilichozungushiwa, yaani tuta la miche. Watumishi wa ardhi hulitumia kwa kundi la viwanja, na wale wa wanyamapori kwa eneo la uwindaji. Katika matumizi yote hayo maana ya msingi haikupotea: ni mahali palipotengwa na kuwekewa mpaka. Lilipotakiwa jina la jengo la kukuzia mimea, neno nyumba liliongezwa juu ya kitalu, likapatikana kitalu nyumba, na wingi wake vitalu nyumba. Hilo ndilo lililoenea Tanzania, hasa baada ya serikali kuwafundisha vijana wa halmashauri mbalimbali kilimo cha aina hiyo. Katika maandishi ya kilimo ya Kenya hukutwa pia neno kivungulio.

Kwa maoni yangu kitalu nyumba ni istilahi njema, na Singida ndiyo ithibati. Ulaya hujenga kwa ajili ya kupata joto. Mkulima wa Singida hana upungufu wa jua. Mvua yake ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, nao upepo wa uwanda huo ni mkali. Anachohitaji ni kuzuia wadudu na upepo, na kutumia maji kidogo kwa faida kubwa. Tena jengo lake kwa kawaida halina kioo hata kimoja. Tangu mwaka 1948, E. M. Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alipotumia plastiki badala ya kioo, jengo hilo limewafikia hata wasio matajiri. Jina linalotaja kioo, joto au rangi ya kijani lingesema uongo Singida. Jina linalotaja kazi ni la kweli kote.

Watafsiri wa mambo ya mazingira walifuata njia hiyo hiyo. Hewa zinazozuia joto la dunia lisitoke zilipata jina la gesijoto, wala hapakuwa na haja ya kuijenga nyumba ya vioo angani.

Mti uliokuja kwa njia ya Maandiko

Mwaloni hauoti kwetu. Jina lake limetujia kwa kazi ya watafsiri wa Biblia, ambao walikuta miti hiyo katika habari za Ibrahimu, wakalichukua neno la Kiebrania alon na kulivika kiambishi cha ngeli ya miti: mwaloni, mialoni. Tafsiri ya Umoja ya mwaka 1952 imelizoesha miongoni mwa wasomaji wengi. Ni kazi ya kupongezwa, maana neno limeingia katika sarufi yetu bila kishindo. Lakini kwa watu wa Ziwa Viktoria, mwalo ni ufuko wa kupakulia samaki, na mwaloni ni hapo ufukoni. Dawa yake ni kuandika "mbao za mwaloni" au "mti wa mwaloni" neno linapotajwa mara ya kwanza. Mfasiri asitegemee kwamba muktadha utamfanyia kazi yake.

Kiunzi na nyumba ya tembe

Sasa tumefika kwenye kiunzi, na hapa ndipo mwalimu angeweza kupata msaada karibu kuliko alivyodhani. Jengo la kiunzi ni lile ambalo uzito wa paa hubebwa na miti iliyounganishwa, na kuta huziba nafasi tu. Seremala wa mwaloni huchonga ulimi katika mti mmoja, akauingiza katika tundu la mwingine, kisha akaupigilia kigingi cha mti. Mtu wa Singida anaijua kanuni hiyo, kwa kuwa tembe nayo ni jengo la kiunzi.

Nyumba za tembe za Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na majirani zao husimama juu ya nguzo za panda zilizochimbiwa ardhini. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa miti myembamba, kisha majani, na mwisho udongo. Kuta ni fito na miti iliyokandikwa. Paa hilo la bapa hupunguza ukali wa jua mchana, hutunza joto usiku, na huanikiwa nafaka wakati wa mavuno. Wasafiri wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Bagamoyo na kuvuka Ugogo kuelekea Tabora, waliziona na kuziandika.

Tazama basi hali ya msamiati wetu. Kamusi zina kombamoyo, pao na mtambaapanya, maneno mazuri ya nyumba ya pwani yenye paa la mteremko na makuti. Paa la bapa halina kilele, na kwa hiyo baadhi ya maneno hayo hayalifai. Boriti linafaa, kwani nyumba za mawe za Lamu na Unguja nazo zilikuwa na paa bapa lililobebwa na boriti za mikoko. Lakini maneno mengine ya tembe yamo vinywani mwa wazee tu, katika Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo.

Wazee hao wanapungua, na nyumba zao pia. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970, familia nyingi zilihama na kuacha nyumba zao. Kampeni za nyumba bora zilihimiza matofali na bati. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu walioona kwamba pasipo saruji na bati hapana nyumba. Hata hivyo bati liliendelea kuenea, na lina sababu zake: tembe huvuja katika mvua kubwa, mchwa hula miti yake, na udongo wa paa hutaka kutengenezwa kila mara. Siwezi kumwambia mtu akae chini ya paa linalovuja kwa ajili ya kutunza msamiati. Ninachosema ni kwamba nyumba ilipoezuliwa, hakuna aliyeagizwa kuandika majina ya miti yake. Nilipozungumza na fundi mmoja mzee wa Ikungi, alitaja kila kiungo cha kiunzi kwa jina lake. Mwanawe, naye ni fundi, aliviita vyote kenchi.

Pendekezo

Kwa jengo la mkulima, tuendelee na kitalu nyumba. Kwa chumba cha vioo kilichoungana na nyumba, napendekeza baraza ya vioo, kwa kuwa baraza ni mahali pa kuketi na kupokea wageni, panapotazama nje. Asiyetaka pachanganywe na baraza la madiwani, au na Baraza letu hili, azingatie upatanisho: baraza ya nyumba, baraza la watu. Hivyo sentensi ya mwalimu itasomeka: Aliondoa kitalu nyumba cha zamani bustanini, akajenga baraza ya vioo yenye kiunzi cha mbao za mwaloni. Naamini darasa lake halitauliza tena habari za samaki.

Ombi langu ni kwa walimu na watumishi walioko Singida, Manyoni, Iramba, Ikungi na Mkalama. Kabla nyumba ya tembe haijabomolewa kijijini, nendeni na daftari. Mwulizeni fundi jina la kila mti, kazi yake, na jinsi unavyoungana na mwenzake. Kisha hakikini na mzee wa kata nyingine, mtuletee. Bati litabaki juu ya nyumba, nasi tutakuwa tumeokoa kiunzi cha maneno.