Kuanza shamba dogo Kalemie: wapi pa kujifunzia, na nini cha kujaribu kwanza

Kila mwaka, mvua ya mwezi wa kumi ikikaribia, wakaaji wengi wa Kalemie wanatafuta kipande cha udongo kwa mara ya kwanza. Kuna waliokimbia mapigano ya Nyunzu na Manono wakabaki karibu na mji. Kuna vijana waliomaliza shule bila kupata kazi, na wavuvi ambao wavu hautoshi tena kulisha nyumba. Wengi wao wanasema hakuna wa kuwafundisha.

Si kweli kabisa. Masomo yapo, na mengi ni ya bure. Hatari iko pengine: mtu anachukua shauri lililotengenezwa kwa udongo wa wengine, analitia katika shamba lake lote siku moja. Msimu ukiharibika, nyumba inakosa bunga, na mbegu ya kurudia haipo. Ndiyo maana shule inayofaa zaidi kwa anayeanza ni ile inayomfundisha kujaribu padogo.

Shule hiyo inaitwa champ école paysan, watu wanasema tu CEP. Tanzania wanaiita shamba darasa. Ilianzia Indonesia mwaka 1989, katika mashamba ya mpunga. Wakulima wa kule walikuwa wanapiga dawa nyingi za wadudu, dawa zikaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wanakula adui wa mpunga, na adui akazidi kuongezeka. Hali ilikuwa mbaya hata serikali ikakataza aina 57 za dawa kwenye mpunga mwaka 1986. Miaka mitatu baadaye FAO na serikali hiyo wakaanza kuwakutanisha wakulima ndani ya shamba lenyewe, si darasani, ili waone kwa macho yao nani anamla nani.

Kazi inaendeshwa hivi. Watu 20 hadi 30 wanachagua shamba moja la kujifunzia na wanakutana mara moja kwa wiki, tangu kupanda mpaka kuvuna. Shamba linagawanywa: upande mmoja wanalima kama walivyozoea, upande wa pili wanatia jambo jipya. Kila wiki wanahesabu majani, wanatafuta wadudu, wanapima urefu, kisha wanachora yote kwenye karatasi kubwa: mmea, wadudu wabaya, wadudu wazuri, maji, majani ya pori. Halafu wanabishana. Mwezeshaji hatoi jibu haraka, anauliza. Mwisho wa msimu ndoo za mavuno za pande mbili zinawekwa pamoja na kila mtu anaona.

Katika jimbo la Tanganyika, FAO, ambayo ina ofisi Kalemie, imeendesha CEP nyingi, nyingine pamoja na PAM na mashirika ya hapa. Mtu anayetafuta kikundi anaweza kuanzia kwa agronomu wa teritori au monita wa kilimo, ama kwenye Inspection ya kilimo, uvuvi na ufugaji, ile inayojulikana kama IPAPEL. Lakini miradi inakuja na kuondoka. Fulana na kofia ndizo zinazobaki. Mradi ukiwa umekwisha, afadhali kuuliza kijijini nani alikuwa mwezeshaji. Huyo mama au huyo baba bado yupo, bado analima, na anajua zaidi ya karatasi yoyote. Wapo pia wanaoingia CEP kwa ajili ya jembe na mbegu za bure tu, wakishapewa hawaonekani tena. Hao hawakujifunza kitu, na mara nyingi wametumia nafasi ya mwingine.

Jambo la pili la FAO ambalo watu wa Nyunzu na Kalemie wanalijua ni vikundi vya Dimitra. Hapo wanaume, wanawake na vijana wanakaa kuzungumza shida ya kijiji, na radio inapeleka mazungumzo kwa vijiji vingine. Katika jimbo hili, Watwa na Waluba walikaa katika vikundi hivyo baada ya kupigana. Kwa mkulima mpya hilo si jambo dogo, kwa sababu shamba lililo kati ya jamii mbili zisizosemezana haliwezi kufundishika wala kuvunwa.

Asiye na kikundi anaweza kufanya CEP yake peke yake. Achukue vipande viwili vya mita tano kwa mita kumi, vikikaa jirani. Mbegu ileile, siku ileile, palizi ileile. Tofauti iwe moja tu: huku ametia komposti, kule hakutia, au huku amefunika udongo kwa majani makavu, kule ameuacha wazi. Akibadilisha mambo matatu pamoja, hatajua lipi lililosaidia. Tarehe na ndoo ziandikwe kwenye daftari.

Mihogo inastahili muda zaidi, kwani ndiyo bukari ya wengi na ndiyo mtego mkubwa wa anayeanza. Mihogo haipandwi kwa mbegu, inapandwa kwa miti, na mti unabeba ugonjwa wa mama yake. Ukipanda kwa mita moja kwa mita moja, hekta moja inataka miti 10,000. Kipande cha mita 20 kwa 50 kinataka 1,000. Ikiwa miti hiyo imetoka shamba lenye mozaiki, mkulima amejinunulia hasara ya mwaka mzima, na palizi zote ni za bure. Mozaiki inaonekana: majani yana mabaka ya njano na kijani, yanajikunja, yanakuwa madogo. Inzi weupe wanaieneza, lakini mkono wa mtu anayegawa miti unaipeleka mbali zaidi. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mwerevu kuliko huo. Shina na majani vinaweza kuonekana vizuri, kumbe ndani muhogo umeoza, una madoa magumu ya kahawia. Kwa hiyo miti ya kupanda itafutwe siku ya mavuno, si barabarani. Muombe mwenye shamba akate mihogo mitatu au minne mbele yako. Ikiwa mieupe ndani, chukua miti ya mashina hayo, iliyokomaa, ya sentimita 20 hadi 25, yenye macho matano hadi saba.

Kwa mwenye telefone kubwa, kuna programu ya bure inaitwa Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya chuo kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA na FAO. Ikishaingizwa inafanya kazi bila mega. Unaielekeza kwenye jani la muhogo, nayo inasema kwa Kiswahili au Kifaransa inadhani ni ugonjwa gani. Inasaidia, ila inaona jani tu. Kisu bado kinahitajika.

Nuru inatambua pia viwavi jeshi kwenye mahindi, wale walioingia Afrika kutoka Amerika mwaka 2016. Hapa udogo wa shamba ni faida: kipande cha mita 20 kwa 50 unakipita chote asubuhi moja, unafungua moyo wa mhindi, unaponda mayai na viwavi kwa vidole. Wengine wanatia majivu au mchanga kidogo mlemle. Chupa za dawa zisizo na karatasi ya maelezo zinazouzwa sokoni, ziachwe hukohuko.

Kwa kusoma na kutazama, ng'ambo ya ziwa kuna mali nyingi. Jarida la Mkulima Mbunifu la Tanzania linaandika kwa Kiswahili juu ya kilimo bila kemikali, na linapatikana bure kwenye intaneti. Access Agriculture wana video za wakulima kwa wakulima, kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala, na sauti peke yake kwa ajili ya radio. Video moja inaweza kushushwa na mtu mmoja na kuhamishwa kwa kadi ya memori kijiji kizima. Vitabu vidogo vya Agrodok vipo kwa Kifaransa.

Lakini Kiswahili cha ng'ambo kinataka mkalimani mdogo. Mchicha wao ni lengalenga yetu, kisamvu ni sombe, mboji ni komposti. Hayo ni rahisi. Gumu ni ekari: wao wanahesabu kwa ekari, sisi kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Anayesoma kiasi cha mbolea cha ekari na kukitia katika hekta ametia chini ya nusu. Msimu nao ni mtego. Vuli na masika ni mvua mbili za Arusha na pwani. Kalemie mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na kwenda mpaka mwezi wa nne au wa tano. Mashauri ya Kigoma yanatufaa zaidi.

Hata ndani ya Kongo ni vilevile. Kule Mampu, nyanda za Bateke karibu na Kinshasa, familia zinapanda mihogo kati ya miti ya akasia, kisha wanakata akasia kwa makala. Ni kazi nzuri, lakini kila familia ilipewa hekta 25. Mwenye kipande cha kukodi hawezi kungoja mti miaka minane.

Na kukodi ndiko kunakovunja wengi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali; kijijini chifu ndiye anayegawa. Kabla ya jembe, iandikwe karatasi mbele ya chifu na mashahidi wawili: mipaka, bei, misimu mingapi. Ruhusa ya kupanda miti ya miaka mingi iandikwe peke yake, kwani kupanda mchikichi au mwembe kunaeleweka kama kudai udongo. Mwenye shamba akiona mche wa kwanza, ugomvi umeanza. Bustani za ufukweni na za kando ya Lukuga ni tamu wakati wa kiangazi, ila ziwa lilipanda mwaka 2021 na tena 2024, likazifunika.

Feza ya kuanzia, wengi wanaipata kwenye AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mfumo ambao CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991. Vikundi vingi vinagawana mwezi wa kumi na mbili, kwa sikukuu. Kikundi cha wakulima kikipanga kugawana mwezi wa nane au wa tisa, feza inatoka wakati mbegu bado ni rahisi, kabla mvua ya kwanza haijapandisha bei sokoni.