Kodagu: Shamba la Bondeni na Kilima Chake

Wilaya ya Kodagu, kusini-magharibi mwa jimbo la Karnataka nchini India, haina stesheni ya treni hata moja. Huendewa kwa barabara, kona juu ya kona, hadi katikati ya Ghati za Magharibi, ambako kilele cha Tadiandamol hufika mita 1,748. Talakaveri, ndani ya wilaya hii, ndiko chimbuko la mto Kaveri, unaozinywesha Karnataka na Tamil Nadu na kuzigombanisha pia.

Watawala wa zamani walikuwa ukoo wa Haleri. Mwaka 1681 Muddu Raja alihamia Madikeri akajenga ngome ya udongo; baadaye Tipu Sultan wa Mysore akaijenga kwa mawe. Waingereza walimng'oa mfalme wa mwisho, Chikka Virarajendra, mwaka 1834, wakaimega nchi yake: Sullia na jirani zake, chini ya milima, zikatiwa katika wilaya ya Kanara. Huko watu waliozoea kulipa kodi kwa mazao wakadaiwa fedha taslimu, na mwaka 1837 wakaasi. Mfalme mwenyewe alipelekwa Benares, na mwishowe akafika London, ambako binti yake Gouramma alibatizwa mwaka 1852, Malkia Victoria akiwa mama yake wa ubatizo.

Lakini kilichoishika Kodagu, kwa maoni yangu, ni jamma kuliko ngome. Jamma ni ardhi ya utumishi: wafalme walizipa koo za Wakodava, wenyeji wa Kodagu, mashamba ya mpunga kwa kodi nafuu, nazo zikawapa askari. Shamba lilikuwa la ukoo mzima, si la mtu mmoja. Tena halikuja peke yake: kila shamba la bondeni lilikuwa na bane lake, mteremko wa msitu ulio juu yake, wa kukata kuni, kulishia ng'ombe na kuchuma majani ya kurutubishia mpunga. Kahawa ilipoenea katika karne ya 19, ilipandwa humo humo kwenye bane, chini ya kivuli, pilipili manga ikipanda kwenye mashina ya miti. Hapo ndipo karani wa ardhi alipopata kazi: kwenye mabane mengi kahawa ni ya ukoo, ila miti ya mbao za thamani iliyosimama juu yake ni ya serikali.

Baada ya uhuru Kodagu ilikuwa jimbo dogo linalojitegemea, C. M. Poonacha akiwa waziri mkuu wake. Tarehe 1 Novemba 1956 iliunganishwa na Mysore, ikabaki wilaya yenye tarafa 3: Madikeri, Somwarpet na Virajpet. Siku hizi ni 5, baada ya kuzaliwa Kushalnagar na Ponnampet.

Bane na shamba bado vimefungamana: Agosti 2018 mvua ziliporomosha vilima, udongo wa mashamba ya kahawa ukafunika mpunga bondeni.

Uaskari ule wa jamma nao haujasahauliwa: kila Septemba, katika sikukuu ya Keil Poldu, bunduki za nyumbani huvishwa maua mekundu na manjano. Wakodava na wenye jamma hawahitaji leseni ya bunduki, ruhusa iliyoanza enzi za Waingereza; mwaka 2019 serikali iliiongeza hadi 2029.