Mafuta ya Samaki na ya Mbegu: Faida Zake kwa Moyo na Mishipa



Nyumba nyingi za visiwani zina mzee anayemeza dawa za presha, na baadhi yake zimeshamuuguza aliyepatwa na kiharusi. Miongoni mwa sababu zilizomo mikononi mwetu ni mafuta tunayokula, nasi tumeona tuyaeleze kwa ufupi.

Ni mafuta gani?

Samli na mafuta ya nazi na ya mawese yana mafuta mazito mengi, yale yanayoganda kukiwa na baridi. Yakizidi huongeza lehemu mbaya katika damu. Mafuta ya alizeti, soya na ufuta, pamoja na ya samaki, hubaki majimaji. Mbegu hizo zina Omega-6 kwa wingi, na samaki wana Omega-3. Mwili unayahitaji mafuta ya aina hizi wala hauwezi kujitengenezea asili yake. Lazima yatoke kwenye chakula. Yakichukua nafasi ya mafuta mazito, lehemu mbaya hupungua.

Ushahidi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, wilaya ya Ludewa, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Iringa. Walilinganishwa watu 622 wa kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, na 686 wa milimani waliokula nafaka na mboga. Wenye presha ya juu walikuwa 2.8% kwa walaji samaki na 16.4% kwa wale wa milimani. Lehemu pia ilikuwa chini zaidi kwa walaji samaki. Utafiti huo ni wa kulinganisha tu, hauthibitishi kuwa samaki peke yake ndiye sababu. Lakini tofauti hiyo si ndogo.

Kisiwa cha Morisi nacho, kuanzia mwaka 1987, kilibadili mafuta ya kupikia ya bei nafuu kutoka mawese kwenda soya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu ya wananchi ulikuwa umeshuka.

Tufanye nini majumbani?

1. Tule samaki angalau mara mbili kwa wiki: vibua, dagaa, jodari. Wa kuchoma au kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga. Ng’onda na papa mkavu wana chumvi nyingi, na chumvi hupandisha presha.

2. Tubadilishe, tusiongeze. Mafuta ya alizeti, yanayozalishwa pia Iringa, yashike nafasi ya samli na mawese. Tui tulipunguze.

3. Tusirudie mafuta ya kukaangia sambusa na bajia siku baada ya siku, khasa Ramadhaan. Mafuta haya huharibika upesi kwa moto mkali.

4. Mgonjwa asiache dawa kwa kutegemea chakula. Amuulize daktari wake.

Katika Suratun-Nahl, aayah ya 14, Allaah (Subhaanahu wa Ta’aala) ametukumbusha kuwa ametuwekea katika bahari nyama laini tuile. Sisi wa visiwani neema hiyo ipo mlangoni petu. Tusiipite tukakimbilia chipsi.

Wa-Allaahu A’lam.