Sitiari: Maana ya Kuazima

Sitiari ni tamathali ya usemi inayokipa kitu jina au tendo la kitu kingine bila kutumia neno la kulinganisha. Kwenye somo la Kiingereza huitwa metaphor, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kuhamisha. Jina la Kiswahili, ambalo vitabu vingine huliandika istiara, limetoka katika neno la Kiarabu la kuazima. Nalo linaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa kilichoazimwa kina mwenyewe: neno simba hubaki na mnyama wake hata anapoitwa hivyo mtu shujaa.

Darasani sitiari hutenganishwa na tashbihi, ambayo Kiswahili huitambua kwa kama, mithili ya au mfano wa, na Kiingereza kwa like na as. Kanuni hiyo inafaa kwa kuanzia tu, maana ikiachwa peke yake hupotosha. She works as a nurse ina as, lakini inataja kazi ya uuguzi, hailinganishi chochote. He looks like his father inahusu sura halisi ya mtu na babake. Katika I like tea, like ni kitenzi, yaani kupenda. Aina ya neno ibainishwe kwanza, ndipo tamathali itafutwe.

Sitiari ya nomino ni nyepesi: My brother is a lion. Is hufanya kazi ya ni, na simba yumo katika kiarifu. Ya kitenzi huwaponyoka wengi. Katika Anger boiled inside him, sarufi haina kasoro yoyote. Kiima kipo, kitenzi kipo. Kinachogongana ni maana, kwa sababu kinachochemka ni maji, uji au mchuzi, wala si hasira. Kiswahili nacho husema mtu amechemka kwa hasira, na husema njaa inauma ilhali njaa haina meno. Nyingine zimezoeleka hadi hazihisiki tena, kama mguu wa meza.

Mwaka 1936 mhakiki Mwingereza I. A. Richards alizipa sehemu za sitiari majina: tenor ni kinachozungumziwa, vehicle ni kinachoazimwa. Jibu kamili la mtihani hutaja zote mbili pamoja na sifa inayoziunganisha: ndugu, simba, ushujaa. Kuandika tu kwamba sentensi ina sitiari hakuonyeshi kuwa imeeleweka.